Shujaa akigeuzwa mwanamke: wapi inakubali, wapi inagoma

Tarehe 16 Julai 2017, fainali ya wanaume ya Wimbledon ilipomalizika tu, BBC ilirusha video fupi. Mtu aliyejifunika kofia ya koti anakatiza msituni, ananyoosha mkono, ufunguo unatokea kiganjani, kofia inashushwa. Ni Jodie Whittaker. Yule Daktari, msafiri wa anga na nyakati katika tamthilia ya Uingereza ya Doctor Who, aliyekuwa akiigizwa na wanaume watupu tangu 1963, safari hii ni mwanamke. Mitandaoni hapakulalika. Waliofurahi walisema wakati umefika. Waliokasirika walisema hiyo ni ajenda tu, usahihi wa kisiasa, yaani kule kubadili mambo ili kundi lolote lisiudhike, umeingia hadi kwenye hadithi za watoto.

Tangu hapo kila jina kubwa likiguswa mabishano ni yale yale, na yanaendeshwa kana kwamba kuna swali moja lenye majibu mawili: unakubali au hukubali. Lakini kumgeuza Watson, mwenza wa mpelelezi Sherlock Holmes katika hadithi za Conan Doyle, si sawa na kumgeuza jasusi James Bond, na kumpa Bond mrithi wa kike si sawa na kumfanya Bond mwenyewe awe mwanamke. Ukiwa unaandika skripti na umeambiwa "mhusika mkuu awe wa kike", au unaongoza kikundi cha maigizo chenye wasichana wengi kuliko wavulana, au unataka tu kubishana ukiwa na mifano mkononi, afadhali kazi zenyewe ziwekwe ubavu kwa ubavu.

Kipimo ninachotumia ni kimoja. Mvue mhusika uanaume wake, kisha uitazame hadithi: imepungukiwa nini, imeongezewa nini? Isipopungua wala kuongezeka, mabadiliko ni ya jina tu, na hayastahili kelele za upande wowote. Ikipungua kuliko ilivyoongezeka, kazi imeharibika hata kama nia ilikuwa safi. Ikiongezeka, sioni hoja ya ajenda inashika wapi.

Tuanze na rahisi: mhusika ambaye kimsingi ni cheo

M, bosi wa James Bond, hana mengi ya kumtambulisha zaidi ya kiti chake na meza yake. Judi Dench alipokikalia kiti hicho katika GoldenEye mwaka 1995, Uingereza ilikuwa tayari imemwona Stella Rimington akiongoza MI5, shirika la ujasusi wa ndani, tangu 1992. Filamu ilikuwa inafuata dunia, haikuitangulia. Tazama namna walivyolifanya, maana ni dakika chache tu. M anamkaribisha Bond kinywaji. Bond anasema mtangulizi wake alikuwa na konyaki kwenye droo. Bibi huyu anapendelea bourbon. Kisha anamwambia usoni kwamba yeye Bond ni dinosaria, mdharau wanawake, masalia ya Vita Baridi.

Maneno hayo yangetoka kwa bosi mwanamume yangekuwa karipio la kawaida la ofisini. Yakitoka kwa Dench, filamu nzima inajiuliza kama shujaa wake bado ana kazi ya kufanya. Hakuna kilichopungua, na kimeongezeka kitu ambacho mfululizo huo haukuwa nacho kwa miaka 30 na zaidi. Dench alikaa filamu 7, hadi Skyfall ya 2012, na sikumbuki mtu aliyelilia M wa zamani kwa muda mrefu.

Kwa hiyo kama mhusika unayemlenga ni jaji, mkuu wa shule, kamanda au daktari wa wodi, usijipe presha. Badilisha na uendelee na kazi.

Uhusiano ukibadilika, hadithi nayo inabadilika

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo ninapoona wengi wanaolalamika hawajui historia. Mwaka 1928 Ben Hecht na Charles MacArthur waliandika mchezo wa kuigiza, The Front Page, kuhusu mhariri wa gazeti la Chicago, Walter Burns, anayefanya kila hila mwandishi wake bora, Hildy Johnson, asiache kazi na kwenda kuoa. Wote wawili wanaume. Mwaka 1940 Howard Hawks akautengenezea filamu, His Girl Friday, na Hildy akawa mwanamke, Rosalind Russell. Tena akawa mtalaka wa mhariri huyo, anayetaka kuolewa na mtu mwingine. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia aliposikia katibu muhtasi wake akisoma mistari ya Hildy kwenye mazoezi.

Angalia kilichotokea. Katika mchezo wa asili, bosi hataki kumpoteza mfanyakazi. Katika filamu, bosi hataki kumpoteza mfanyakazi na hataki kumpoteza mke, na hatuambiwi ni lipi linamuuma zaidi. Labda hata yeye hajui. Kila sentensi kuhusu gazeti inabeba nyingine ndani yake. Na mwaka huo 1940 hakukuwa na mtu wa kumlazimisha Hawks kwa jina la usahihi wa kisiasa. Alichoona ni kichekesho bora kuliko kile alichopewa.

Mfano wa karibu zaidi ni tamthilia ya muziki ya Stephen Sondheim, Company, ya 1970. Mhusika mkuu ni Bobby, kapera anayefikisha miaka 35 huku marafiki waliooana wakimwuliza ataoa lini. Mwaka 2018 mwongozaji Marianne Elliott, kwa ridhaa ya Sondheim mwenyewe, alimpandisha jukwaani London akiwa Bobbie, mwanamke, ameigizwa na Rosalie Craig. Msomaji wa kike aliyevuka 30 hahitaji kuelezwa tofauti. Kapera wa kiume wa umri huo anataniwa. Mwanamke anahesabiwa miaka kwenye kila harusi, kila msiba, na kila shangazi anayepiga simu. Swali lile lile ambalo mwaka 1970 lilikuwa la udadisi limekuwa la kubana, na nyimbo ambazo hazikubadilishwa sana zimepata makali.

Kisha Watson. Tamthilia ya Elementary, iliyoonyeshwa na CBS ya Marekani kuanzia 2012 hadi 2019 kwa misimu 7, ilimfanya Dokta Watson kuwa Joan, akiigizwa na Lucy Liu. Ni daktari wa upasuaji aliyeacha kazi baada ya mgonjwa kufia mikononi mwake, na sasa analipwa kukaa na Sherlock anayejinasua kwenye dawa za kulevya. Hofu ya mashabiki wa Conan Doyle ilikuwa moja: watapendana, na urafiki mashuhuri kuliko wote katika hadithi za upelelezi utageuka mapenzi ya saa tatu usiku. Haikutokea. Miaka 7, mwanamume na mwanamke wanaishi nyumba moja, wanakula pamoja, wanaokoana, na hawawi wapenzi. Kwangu hilo ndilo jambo la kijasiri kuliko kule kubadilisha jinsia kwenyewe, na ninaomba waandishi wa tamthilia za kwetu walitazame kwa makini, maana huku mwanamume na mwanamke wakishaonekana jikoni pamoja mara mbili tu, mahari inaanza kunukia.

Zaidi ya hapo, Watson wa Elementary hakai kuwa msindikizaji. Anajifunza kazi, anakuwa mpelelezi kamili. Watson wa Doyle alikuwa mtu wa kushangaa na kuandika. Huyu anashindana.

Daktari: ruhusa ilikuwepo, matumizi yakawa haba

Turudi kwa Doctor Who, kwa sababu ndiyo kesi inayotajwa sana na inayoeleweka vibaya pande zote mbili.

Kwa mantiki ya hadithi, hakuna mhusika aliye rahisi kugeuzwa kuliko Daktari. Si binadamu. Akikaribia kufa, mwili wake wote unabadilika akawa mtu mwingine. Ujanja huo ulibuniwa mwaka 1966 kwa sababu mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, afya ilikuwa imemshinda. Mwaka 1986 Sydney Newman, mmoja wa walioianzisha tamthilia hiyo, aliiandikia BBC akipendekeza Daktari ageuzwe mwanamke. Na mwaka 2014, miaka mitatu kabla ya Whittaker, adui mkubwa wa Daktari, yule aitwaye Master, alikuwa ameshageuka kuwa Missy, akiigizwa na Michelle Gomez, tena vizuri kiasi kwamba wengi waliokuja kulalamika 2017 walikuwa wakimshangilia. Anayesema wazo lilitoka kwa wanaharakati wa mitandaoni hajui tamthilia anayoitetea.

Hata hivyo kulikuwa na pingamizi moja la heshima, na sipendi linavyotupwa kapu moja na matusi. Peter Davison, aliyekuwa Daktari wa tano, alisema anasikitika wavulana watapoteza mfano wa kuigwa. Colin Baker, wa sita, alimpinga waziwazi. Lakini fikiria hoja ya Davison. Mashujaa wengi wa kiume kwenye skrini hushinda kwa ngumi au bunduki. Daktari hushinda kwa akili, kwa huruma, kwa kusema sana, na chombo chake mfukoni ni bisibisi. Wavulana wana mashujaa wengi, ila wa aina hiyo ni wachache. Mimi sikubaliani na hitimisho lake, kwa sababu sioni kwa nini mvulana ashindwe kumwiga mwanamke mwenye akili, lakini hoja ni hoja, na haina chuki ndani yake.

Je, kazi yenyewe ilikuwaje? Sehemu ya kwanza ya Whittaker, iliyorushwa Oktoba 7, 2018, ilipata watazamaji milioni 10.9 Uingereza ukiwajumlisha walioirekodi. Kufikia msimu wake wa mwisho, 2021, idadi ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu. Wapinzani wanaipeperusha takwimu hiyo kama ushahidi, wakisahau kwamba televisheni ya kawaida Uingereza ilikuwa inakimbiwa na watu kwa jumla. Kasoro ninayoiona mimi iko kwenye maandishi. Waandishi walimgeuza Daktari, kisha wakaandika karibu kama vile hawajamgeuza. Zaidi ya hapo walimpa wasaidizi watatu kwa mpigo, akawa anagombania nafasi ya kusema ndani ya chombo chake mwenyewe cha kusafiria.

Ipo sehemu moja inayoonyesha kilichowezekana: The Witchfinders, ya 2018. Daktari anafika Lancashire ya karne ya 17, wakati wa kuwasaka wachawi. Kwa miaka zaidi ya 50 Daktari alikuwa akiingia kijiji chochote, anajitambulisha kwa kujiamini, na watu wanamtii. Sasa Mfalme James anamtazama na kumkabidhi madaraka msaidizi wake, mzee Graham, kwa kuwa ndiye mwanamume. Daktari analalamika kwamba angekuwa bado mwanamume angekuwa anaendelea na kazi badala ya kupoteza muda kujitetea. Baadaye yeye mwenyewe anashtakiwa uchawi, anafungwa minyororo na kuzamishwa majini. Hapo ndipo mabadiliko yanapofanya kazi: silaha kuu ya mhusika, ile ya kuaminiwa na kila mtu anapoingia tu mlangoni, imeondolewa, na inabidi atafute nyingine. Kama misimu yote mitatu ingeandikwa hivyo, leo tungekuwa tunabishana jambo jingine.

Nafasi hiyo, kwa taarifa, ilikuja kushikwa na Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali ambaye familia yake iliikimbia Rwanda mwaka 1994 na kuhamia Scotland. Neno ajenda likatolewa tena kabatini, safari hii kwa sababu ya rangi.

Ghostbusters mbili, wasichana kwenye zote mbili, matokeo tofauti

Ningeambiwa nichague jozi moja tu ya kumfundishia mwandishi, ningechukua hii. Filamu ya asili ni ya 1984, ya Ivan Reitman: wanasayansi watatu waliofukuzwa chuo kikuu wanaanzisha biashara ya kukamata mizimu New York, kisha anajiunga nao mtu wa nne, Winston, asiye mwanasayansi.

Mwaka 2016 Paul Feig akaileta upya na wanawake wanne: Melissa McCarthy, Kristen Wiig, Kate McKinnon na Leslie Jones. Trela yake ya Machi mwaka huo ilipigiwa dole gumba la chini kuliko trela yoyote ya filamu YouTube kabla yake. Mwezi Julai Leslie Jones alishambuliwa Twitter kwa matusi ya kibaguzi hadi akajitoa kwa muda, na mchochezi mmoja mashuhuri, Milo Yiannopoulos, akafungiwa akaunti moja kwa moja. Filamu iligharimu dola milioni 144 bila matangazo na kuingiza takriban milioni 229 duniani. Kwa hesabu za Hollywood, ambako sinema hukata sehemu kubwa ya mapato na matangazo yana gharama yake, hiyo ni hasara.

Mwaka 2021 ikaja Ghostbusters: Afterlife, ya Jason Reitman, mtoto wa yule yule Ivan. Mhusika mkuu ni Phoebe, msichana wa miaka 12, mjukuu wa Egon, mmoja wa wale wanasayansi watatu wa 1984. Iligharimu takriban dola milioni 75 na kuingiza milioni 204 wakati sinema nyingi zilikuwa bado zinayumba kwa sababu ya korona. Kelele za ajenda? Kidogo sana. Shujaa ni msichana, anabeba mtambo ule ule mgongoni, anakamata mizimu ile ile. Kama tatizo la mashabiki lilikuwa wanawake tu, Phoebe naye angepigiwa kelele.

Tofauti iko wapi? Filamu ya Feig iliifuta ya zamani. Katika dunia yake hakuna kikundi kilichotangulia. Bill Murray, Dan Aykroyd, Ernie Hudson na Sigourney Weaver wanapita humo wakiwa watu wengine kabisa. Shabiki aliyekua na hadithi ile tangu utotoni anaambiwa, bila kutamkiwa, kwamba haikutokea. Filamu ya 2021 inamwambia ilitokea, wale wazee wapo, na huyu ni mjukuu wao. Phoebe anacheza sataranji gizani na mtu asiyeonekana, kete zinasogea zenyewe, na ni babu yake marehemu. Mwishoni mkono wa mzimu wa babu unamshikilia asitetereke anapolenga. Harold Ramis, aliyemwigiza Egon, alifariki kweli mwaka 2014, na filamu inajua hivyo. Wapo walioona machozi hayo yamekamuliwa kwa makusudi, na mimi nusu ya moyo wangu iko nao. Lakini hakuna mtazamaji aliyetoka akihisi amenyang'anywa kitu.

Ila nisiifanye ya 2016 ionekane haina kitu, kwa sababu ndani yake mna ubadilishaji mmoja uliofaulu kabisa, nao haumhusu mwanamke yeyote kati ya wale wanne. Ni Kevin, katibu muhtasi, akiigizwa na Chris Hemsworth. Kijana mzuri, mwili umejengeka, kichwani hamna kitu. Anavaa miwani isiyo na vioo, na anapowashwa anapitisha kidole kwenye fremu kujikuna jicho. Kelele ikizidi anaziba macho badala ya masikio. Anaajiriwa kwa sababu bosi mmoja hawezi kumtoa macho. Kwa miongo mingi vichekesho vya Hollywood vilijaa makatibu wa kike wa namna hiyo na hakuna aliyeshangaa. Hapo jinsia imegeuzwa na kitu kimeongezeka: unacheka, kisha unakumbuka ulichokuwa ukikicheka zamani. Wale wanne wenyewe, kwa upande mwingine, ungewarudisha kuwa wanaume na kurasa nyingi za skripti zisingehitaji kuguswa.

Na kwa wanaodhani filamu ile ilikuwa kilele cha usahihi wa kisiasa: wanasayansi watatu wa kizungu, na Leslie Jones, mweusi pekee, ni mfanyakazi wa treni za chini ya ardhi. Mgawanyo ule ule wa 1984. Upande wa pili nao ulilalamika, na ulikuwa na haki.

Ndugu wa marehemu na mengineyo

Njia ya urithi ilijaribiwa pia na Ocean's 8 ya 2018. Debbie Ocean, Sandra Bullock, ni dada yake Danny Ocean, yule kiongozi wa wezi aliyeigizwa na George Clooney katika filamu zilizotangulia. Bajeti dola milioni 70, mapato karibu milioni 297. Debbie ana sababu ya kutotaka wanaume kwenye wizi wake: mwanamume huonekana, mwanamke hupuuzwa, na mwizi anataka apuuzwe. Sababu hiyo ni sentensi chache tu, lakini inatosha kuifanya jinsia iwe sehemu ya mpango wa wizi. Ninachokilaumu ni kwamba wizi wenyewe unakwenda laini mno. Hakuna anayewatia jasho.

Starbuck wa Battlestar Galactica, tamthilia ya vita vya anga za juu, yuko katikati. Mwaka 1978 alikuwa Dirk Benedict, rubani mtundu, mpenda sigara, kamari na wasichana. Ronald D. Moore alipoianzisha upya mwaka 2003 alimkabidhi Katee Sackhoff, kwa maelezo kwamba rubani mkorofi mwenye moyo mzuri alikuwa ameshaonekana mara nyingi mno akiwa mwanamume. Benedict aliandika makala ya hasira. Lakini mtazame Sackhoff mezani kwenye karata: mkubwa wake wa kazi, Tigh, anapindua meza, naye anamtandika ngumi na kupelekwa mahabusu. Sigara ipo, kamari ipo, ukorofi upo. Kilichoongezeka ni kwamba hatujui tena anakoelekea, kwa sababu hatujazoea kuona mwanamke akiharibikiwa kwa namna hiyo bila mwandishi kukimbilia kumwombea msamaha. Hakuna aliyemrithi mtu hapa. Jina limechukuliwa na mhusika ameandikwa upya kutoka chini.

Jukwaani, sheria ni nyingine

Kwenye maigizo ya jukwaani ubishi huu unachekesha kidogo. Wakati wa Shakespeare wanawake hawakupanda kwenye majukwaa ya biashara Uingereza. Juliet na Cleopatra waliigizwa na vijana wa kiume, na waigizaji wa kike walianza kukubalika kuanzia 1660. Sarah Bernhardt alimwigiza Hamlet mwaka 1899, Paris na London, akiwa katika miaka ya 50.

Jukwaani kuna njia ambayo kamera huipata kwa shida: mhusika anabaki mwanamume, mwigizaji ni mwanamke. Glenda Jackson, baada ya kukaa bungeni miaka 23, alirudi mwaka 2016 akiwa na miaka 80 kumwigiza Mfalme Lear kwenye ukumbi wa Old Vic, London. Hawakumfanya malkia. Na walifanya sawa, kwa maoni yangu, kwa sababu Lear ni baba anayewagawia mabinti nchi kwa kipimo cha nani anampenda zaidi. Ukimfanya mama, ugomvi unakuwa wa aina nyingine na mistari mingi inakwama. Phyllida Lloyd alitumia njia kama hiyo mwaka 2012 kwenye ukumbi wa Donmar, London: Julius Caesar ikiigizwa na wanawake watupu, ndani ya hadithi kwamba wao ni wafungwa wa gereza la wanawake, Harriet Walter akiwa Brutus. Ni mchezo ule ule ambao Mwalimu Nyerere aliutia katika Kiswahili, Juliasi Kaizari. Humo wanaume wanazungumzia heshima na uhuru kurasa baada ya kurasa. Ukiyasikia hayo kutoka kwa wanawake waliofungiwa, uzito unahama.

Mwalimu wa shule ya wasichana anayelea kikundi cha drama hana haja ya kusoma nadharia yoyote. Wanafunzi wake huvaa kanzu, hubandika ndevu, na hadithi inakwenda. Kwake ushauri wangu ni mfupi: waache wahusika wabaki wanaume, fundisha mwendo na sauti, usiguse maandishi isipokuwa una sababu kama ya Company.

Bond abaki alivyo

Sasa lile swali ambalo kila mtu hulipenda. Mvue Bond uanaume wake, kinabaki nini? Suti, gari, leseni ya kuua. Ian Fleming alipomwumba mwaka 1953 alikuwa anaandika kuhusu aina fulani ya mwanamume wa Uingereza baada ya vita, na filamu zilizo bora ni zile zinazomhoji mwanamume huyo: upweke wake, ukatili wake, anavyowatumia wanawake na kuwazika. Ukiondoa hilo, umebaki na jina la kuuzia tiketi. Barbara Broccoli, aliyekuwa mtayarishaji wake, alisema Bond anaweza kuwa wa rangi yoyote lakini ni mwanamume, na kwamba wanawake waandikiwe wahusika wao. Daniel Craig naye aliuliza kwa nini mwanamke amwigize Bond badala ya kupewa nafasi nzuri kama ya Bond iliyoandikwa kwa ajili yake. Watu hawa hawawezi kuitwa maadui wa wanawake.

No Time to Die ya 2021 ilijaribu njia ya katikati: Bond amestaafu, namba yake ya kijasusi, 007, anayo Nomi, aliyeigizwa na Lashana Lynch. Wazo zuri, lakini mbele ya safari anairudisha namba kwa mwenyewe na kusogea pembeni. Ukimpa mtu kiti, mwache akikalie.

Na neno "waandikiwe wahusika wao" lina mfano wa kuridhisha, japo watayarishaji wengi hulitumia kukwepa. Maandishi ya Alien ya 1979 yalieleza kwamba wahusika wote wanaweza kuwa wa jinsia yoyote. Ripley, mhusika mkuu, akapewa Sigourney Weaver, na hakuna mtu leo anayemfikiria kama mwanamume aliyegeuzwa. Salt ya 2010 iliandikwa kwa mhusika wa kiume, Edwin Salt. Tom Cruise alipojitoa ikaandikwa upya kwa Angelina Jolie, ikaingiza karibu dola milioni 293. Hakuna aliyeandamana, kwa kuwa hapakuwa na Edwin aliyependwa kabla yake. Tatizo ni kwamba kampuni kubwa za filamu huogopa kuweka fedha kwenye jina jipya, na ndiyo maana wanawake hupewa majina ya mitumba, kisha wao ndio wanaotukanwa. Hapo ndipo ninapoona lawama ya ajenda inamkosa mwenye kosa: ukifuatilia, mara nyingi unakuta mhasibu.

Ukitaka kutazama mwenyewe, usianze na Ghostbusters ya 2016, maana utaingia ukiwa na upande tayari. Anza na His Girl Friday. Ina dakika kama 90, ni ya zamani kiasi kwamba hakuna anayeigombania, na wanasema kwa kasi mno, kwa hiyo tafuta yenye maandishi chini. Ukipata hamu ya kitu kirefu, Elementary misimu miwili ya kwanza. Doctor Who chagua The Witchfinders peke yake. Halafu siku moja zitazame Ghostbusters za 2016 na 2021 kwa mfuatano, na yule mwenzako mnayebishana naye awepo.